Jinsi Tulivyompima Somoe

Mdogo wangu wa mwisho, Hamisi, ana mzaha mmoja ambao hajauchoka mpaka leo nimestaafu. Akija nyumbani na wenzake wa bandarini huwaambia, "Huyu dada yangu alikuwa analipwa kwa kukaa kwenye mchanga na kupika ugali wa uongo." Wanacheka, na mimi nacheka nao. Nilimlea mwenyewe, namjua. Lakini ninyi wanangu mnaoanza kazi hii mtaulizwa hivyohivyo, na siku nyingine anayeuliza hatakuwa anatania. Atakuwa mzazi, au mkubwa wenu wa kazi, au ndugu aliyekuja na mabegi, na atataka jibu moja tu: mtoto amepona au hajapona?

Nawaandikia kwa sababu ya swali hilo.

Mimi sikuisomea kazi hii. Niliacha shule darasa la tano, baba alipomfuata mama kaburini na kuniachia wadogo zangu, nikawa nakaanga vitumbua Mikindani. Kituoni kwetu Shangani, kwenye nyumba ya watoto waliopatwa na mambo mazito, niliingia kama mfagiaji. Siku moja Mwalimu Neema, ambaye ndiye aliyesomea kuwatibu watoto kwa michezo, aliniambia niweke ufagio chini nikae naye chumbani, kwa kuwa alitaka mtu wa pili wa kuangalia. Nikakaa mpaka uzee. Karibu kila nitakachowaambia hapa nilikipata kwake.

Neema ni mtu wa Njombe. Alipofika Mtwara alikuja na sanduku la vitu vya kuchezea kutoka mjini: meza ya plastiki, visu na uma, jokofu dogo, na mwanasesere mwenye nywele za njano. Akavipanga vizuri, akaketi na kalamu yake kungoja watoto wacheze mambo ya nyumbani kwao. Wakacheza. Uma ukawa kitana. Jokofu likawa banda la kuku. Yule mwenye nywele za njano alilazwa kitandani na kila mtoto aliyeingia alimchoma sindano, wa asubuhi na wa jioni, mpaka Neema akasema, "Dada Mkubwa, huyu mgonjwa wetu atakufa kwa sindano." Dada Mkubwa ndilo jina walilonipa kituoni, na watoto nao waliniita Dada ingawa nina mvi.

Tulikwenda sokoni pamoja. Tukanunua vifuu, sufuria ndogo za bati, kikapu, beseni, fagio fupi. Mimi nikashona watu wa vitambaa vya kanga: baba mwenye kofia, mama, bibi, watoto, na kichanga aliyefungwa nguo. Mchanga tuliuleta kutoka ufukweni na kuuchekecha, maana ndani yake kulikuwa na vipande vya chupa. Chekecheni mchanga wenu kila wiki. Hilo hakuna chuo kitakachowakumbusha.

Jambo la pili: kila kitu kikae mahali pake. Mtoto akiacha sufuria kushoto kwa beseni, wiki ijayo aikute kushoto kwa beseni. Ukiihamisha hutajua tena kama yeye ndiye aliyebadilika au ni chumba.

Na mkiandika, andikeni mlichokiona. Siku zangu za mwanzo niliandika "ana huzuni". Neema akanirudishia karatasi. "Huzuni umeionaje, Dada?" Nikasema ilikuwa usoni. "Basi uso ulifanya nini?" Nikafuta, nikaandika kwamba mtoto alikaa na mgongo ukutani, hakugusa kitu, na mate yalikuwa yanamjaa mdomoni bila kuyameza. Mwandiko wangu ni wa polepole, na nadhani kuchelewa huko kulinisaidia, kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandika maneno ya ziada.

Baadaye vikaja vishikwambi, vyenye maswali na namba za kubonyeza, moja mpaka tano: anaongea, anatii, analala, anacheka, anajitegemea. Bonyezeni, ndiyo kazi. Namba zina faida yake, zinamlazimisha hata mvivu kutazama. Lakini msizitegemee. Kabla ya Somoe tulikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa anacheka kila anapoguswa, kila anapoitwa, hata akianguka. Kwenye kucheka alipata tano kila wiki. Akarudishwa kwao. Aliporejeshwa kwetu mkono wake ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko, na alikuwa bado anacheka. Kwao, asiyecheka ndiye aliyekuwa anapigwa. Tangu siku ile Neema hakuandika tena neno "anacheka" bila kuandika kilichotangulia.

Sasa Somoe.

Aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bi Hawa, kutoka Mikindani, aliyekuwa anakaa naye na kumleta kila wiki. Alikuwa na miaka mitano, labda sita. Wazazi wake walikuwa watu wa kando ya Ruvuma, na watu wa kule wana ndugu pande zote mbili za mto. Walikwenda ng'ambo harusini na mdogo wake Somoe, Shaibu, aliyekuwa bado ananyonya. Wakati wa kurudi mtumbwi ulipinduka pale mto unapoingia baharini. Baba, mama na Shaibu hawakurudi. Somoe aliokotwa kwenye mikoko, ameng'ang'ania mizizi, na waliomtoa walisema ilibidi wamkunjue vidole kimojakimoja.

Tukajiandaa kwa mtoto atakayeogopa maji. Neema alisogeza beseni mbali na mlango na kuniambia, "Tutapima kwa beseni. Wiki hii atasimama wapi, wiki ijayo atasimama wapi."

Somoe akaingia, akanipigia magoti, "Shikamoo," akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Akavua nguo watu wangu wa kanga, akazifua, akazikamua, akazianika kwenye ukingo wa dirisha. Kisha akachukua ufagio akafagia mchanga uliomwagika.

Kituo kizima kilimpenda. Mpishi alikuja kuchungulia. "Mtoto kalelewa huyu!" Msimamizi wetu alibonyeza tano kwenye kutii na tano kwenye kujitegemea. Nami nilikuwa mbele ya wote kwa kumsifu. Kwetu huku mtoto wa kike anayeamka na kufagia bila kutumwa humpi dawa, unamwombea dua. Hata mimi, mwaka ule nilioachiwa wadogo zangu, watu waliokuja kuhani walinisifu hivyo hivyo: huyu sasa ndiye mama. Na kweli nilikuwa.

Neema hakumsifu. Alikuwa anatazama. Siku moja Somoe alitia mchanga kwenye kifuu, akakoroga, akasimama.

"Unga uko wapi?" akaniuliza.

"Huo hapo unausonga."

"Huu mchanga."

"Basi tufanye ni unga wa muhogo."

Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia aliyerukwa na akili. Akaumwaga, akaosha kifuu, akakigeuza kikauke.

Alipoondoka Neema alisema, "Tangu amekuja hajacheza hata mara moja. Anafanya kazi." Kisha akaniuliza, bila nia mbaya, "Wewe Dada, ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheza nini?" Nikaanza kumjibu, nikaona majibu yote ni ya kabla ya vitumbua.

Wanangu, shikeni hili. Mtoto anayecheza anajua mchanga ni mchanga na bado anakupakulia. Hapo ndipo penyewe. Mtoto asiyeweza kujifanya yuko bado palepale pabaya, macho wazi, anangoja. Ukimwona anafua vizuri usiseme amezoea maji. Jiulize kama anaweza kufua vibaya.

Bi Hawa ndiye aliyetueleza yaliyobaki, siku nilipomtembelea kwake. Somoe alikuwa uani anafagia. Bibi alisogeza kigoda karibu nami na kushusha sauti.

"Mama yake alikuwa anachota maji mtumbwini anayamwaga nje kwa kopo. Kichanga akampa Somoe. Akamwambia mshike mdogo wako, usimwachie." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Abiria mwenzao aliyenusurika alitusimulia. Na matangani watu wakanong'ona, mdogo wake alimponyoka mkononi. Mtoto wa miaka mitano! Salumu sijamwambia. Yeye alimpenda sana yule dada yake, nikaogopa atamchukia mtoto."

Salumu ni mwanawe, mjomba wa Somoe, mkulima wa korosho kijiji cha Ziwani. Katika koo zetu nyingi mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na hakuwa mtu mbaya. Alikuja kituoni na mkungu wa ndizi mabegani. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, msimu wa korosho ulikuwa unakuja, na alitaka mtu wa kukaa na watoto wakati mama yao anaokota.

Alisimama dirishani akamtazama Somoe anaanika nguo.

"Mwalimu, huyu mzima kuliko mimi."

"Bado, kaka Salumu," Neema alisema. "Hajaanza kucheza."

"Kwani mimi namtaka wa kucheza mpira? Namtaka awe na akili zake."

"Mpe muda mpaka msimu ufike."

"Na msimu ukifika utaniambia nini? Mpe muda mpaka mvua?" Akanigeukia. "Dada, wewe wa kwetu. Mwambie huyu mwalimu. Mtoto wa dada yangu nimwache kwa bikizee na kwenye nyumba ya serikali, watu Ziwani watanionaje?"

"Watakuona umemsubiri," nikamwambia.

"Haya. Msimu ukifika nakuja na mke wangu. Namchukua." Ndizi akatuachia.

Nataka mwelewe uzito wake. Tukisema amepona, Somoe anakwenda Ziwani kupokea kichanga mikononi, na kama kichanga kile kikilia au kikianguka, hakuna kitakachombakiza. Tukisema hajapona, lazima tuseme tumeona nini, na kwenye kishikwambi alikuwa na namba nzuri kuliko mtoto yeyote. Siri ya Bi Hawa haikuwa yetu kuitoa. Neema alimwomba amwambie mwanawe. Bibi akasema atamwambia, lakini hakuwa na mdomo wa kumwambia.

Tukaendelea na mchanga. Mimi nilipika kila wiki mbele ya Somoe, nikala, nikajilamba, nikajiona mjinga. Siku moja mvua ilikuwa inapiga bati hatusikizani. Akachukua kifuu changu, akakijaza, akanisogezea.

"Kula. Ming'oko."

Nikaitia mdomoni hiyo mizizi yetu ya porini, kwa kujifanya. "Mmh! Mbona chumvi imezidi?"

"Nimezidisha makusudi," akasema. Na akanitazama nitafanya nini.

Nikapiga kelele ya mtu aliyeharibiwa chakula. Akazidisha nyingine. Kule kwenye kona Neema alikuwa ameinama kwenye karatasi yake, na alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa.

Baada ya hapo Somoe akaharibika. Sina neno jingine. Alimwaga maji sakafuni. Aliacha ufagio ulipo. Akiitwa alijibu "Sitaki" kwa sauti ya kuvuta. Bi Hawa alinijia juu: "Nimewaletea mtoto mnanirudishia jini! Jana nimemtuma chumvi dukani kakaa chini, eti miguu inauma." Nilimweleza nilivyoweza, na aliondoka anatikisa kichwa. Msimamizi naye alituita. Kutii kulikuwa kumeshuka mpaka mbili. "Huyu mtoto mnamtibu au mnamharibu?" Neema akamwambia kwamba kushuka huko ndiko tulikokuwa tunakungoja, na yule msimamizi, ambaye alikuwa msikivu, akasema sawa, lakini nani atamweleza mjomba?

Kisha Somoe akamgusa yule kichanga wa kitambaa. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameshika kila mtu wangu wa kanga isipokuwa yeye. Siku hiyo alimfunga mgongoni kwa kitambaa, akatembea mpaka kwenye beseni, akainama. Kichanga kikateleza juu ya kichwa chake kikaanguka majini. Somoe akasimama anakitazama kinavyolowa na kuzama. Hakukitoa. Akatoka nje akakaa barazani, akajikojolea.

Akarudia wiki iliyofuata. Na iliyofuata. Vilevile: kitambaa, hatua, kuinama, kuzama, mlango. Mpishi alikataa kabisa kuja kuchungulia. Mimi nyumbani nilikuwa siwezi kula. Nilimwambia Neema tukiondoe kile kichanga, akasema, "Kikiondoka atazama nacho peke yake." Alinifundisha kutazama tofauti. Mtoto akirudia kitu kilekile bila kubadili chochote, kaa naye. Usimwokolee mwanasesere, usimwambie si kosa lako, hajakuuliza. Siku atakayobadili kitu kimoja, hata kidogo, andika hicho.

Minong'ono ya msimu wa korosho ilikuwa imeshaanza kusikika sokoni siku alipobadili. Alimfunga kichanga, akatembea. Kabla ya beseni akakata kona, akaja nilipokaa, akanigeuzia mgongo.

"Dada, fungua."

Nikafungua. Akamchukua kichanga akamweka mapajani mwangu. Akarudi kwenye beseni peke yake, akatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa hivyo kwa muda mrefu akiichezesha ndani ya maji. Siku hiyo alitoka na nguo kavu.

Sitaki mtu yeyote kati yenu adhani nasimulia muujiza. Hata leo Somoe hapandi mtumbwi, na mvua kubwa ikinyesha haendi shule. Kuna maneno ya mama yake ambayo hakuna mchezo utakaoyatoa masikioni mwake. Tulichokuwa tunapima ni kama mtoto anaweza kutua mzigo, basi.

Salumu alikuja na mkewe kama alivyoahidi. Bi Hawa naye alikuwepo, kwa kuwa ndiye atakayemfungia mtoto nguo zake. Tulikutana barazani. Mke wa Salumu alikuwa mwembamba, amechoka, pacha mmoja mgongoni na mwingine mikononi. Alimtazama Somoe kwa upole, nawaambia kweli, kisha kama mwanamke yeyote mwenye mikono iliyokufa ganzi akamnyooshea yule wa mikononi.

"Njoo mwanangu, mpokee mdogo wako. Mshike, usimwachie."

Alisema maneno yaleyale, naye hakujua.

Nilimwona Neema akinyanyuka nusu. Somoe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo. Mikono akaificha nyuma yake. Sauti ilitoka, nasi sote tukaisikia.

"Sitaki. Mimi mdogo."

"Unasemaje?" Salumu aliuliza.

"Mimi mdogo! Mshike wewe!" Na akaanza kulia, kilio kikubwa cha mdomo wazi, makamasi yanatiririka, anapiga mguu chini kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Hatukuwahi kumsikia akilia tangu aletwe.

"Mama, hii ndiyo adabu mliyomfundisha?" Salumu alimgeukia Bi Hawa, mishipa imemsimama. "Mtoto mkubwa mwenye umbo hili anakataa kumshika ndugu yake?"

Bi Hawa alikuwa amekaa kwenye mkeka na furushi la nguo mapajani. Hakuinua kichwa.

"Salumu. Huyu ndiye aliyekuwa amemshika Shaibu."

Mke wa Salumu ndiye aliyeelewa kwanza. Alivuta pumzi akamrudisha mtoto kifuani, akamfunika uso kwa kanga kana kwamba asisikie. Salumu alimtazama mama yake, akamtazama Somoe pale kwenye nguzo, akatazama sakafu. Nilimngoja aseme neno baya, na nadhani hata Bi Hawa alilingoja. Pacha wa mikononi akaanza kulia.

Salumu akainuka, akamwendea mkewe. "Nipe."

"Wewe?"

"Nipe mimi."

Mkewe akampa. Sijui kama aliwahi kumbeba mmoja wao. Alimshika kama mtu aliyepewa gunia lililopasuka, mkono mmoja tumboni, mwingine miguuni, na kichwa cha mtoto kikaning'inia nyuma. Msimu wote ulikuwa unamngoja Ziwani, na alikuwa amekuja na nauli ya kurudi ya watu watatu.

"Mwalimu," akasema bila kumtazama Neema, "huyu tumwache kwa mama."

Somoe alikuwa bado analia kwenye nguzo. Alijifuta pua kwa mkono, akamtazama mjomba wake, akaitazama ile shingo inayoning'inia.

"Kichwa," akasema katikati ya kwikwi. "Mjomba, mshike kichwa."

Salumu akasogeza mkono, akakishika.